“Uongo uko wapi?” Kulisoma tangazo la virutubisho vya magoti

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66, magoti yanamuuma, na ana kisukari anachotumia metformini. Hivi karibuni amenunua virutubisho vya mifupa na viungo baada ya kuona tangazo. Linasema hivi: “Fomula ya glukosamini, asili asilimia 100, imethibitishwa kisayansi. Ina viambato vinavyochangia utendaji wa kawaida wa gegedu. Asilimia 87 ya watumiaji waliripoti nafuu ndani ya wiki 8. Huondoa sumu mwilini na kusawazisha sukari. Haina madhara yoyote. Imetumika kwa karne nyingi. Siri ambayo hospitali hazitaki uijue.” Kila nikimwambia ni uongo ananiuliza, “Uongo uko wapi? Nionyeshe.” Nakosa la kusema. Sasa ameanza kudokeza kwamba atapunguza dawa za sukari. Nimjibu vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi ni mfamasia, lakini “daktari” nimeshaizoea.

Nianze na lisilongoja. Baba asipunguze metformini kwa sababu ya tangazo. Kama anaona sukari yake imetulia, apeleke vipimo kwa anayemtibu, na huyo ndiye atakayeamua dozi ishuke au ibaki. Mengine yote nitakayoandika hapa yanaweza kusubiri hata wiki. Hilo haliwezi.

Tuje kwa baba. Swali lake ni zuri kuliko jibu unalompa. Nimelisoma tangazo hilo neno kwa neno, na ningeambiwa nipige mstari chini ya uongo, sentensi kadhaa zingenishinda. Wanaoandika matangazo haya si wajinga, na mara nyingi mwanasheria huyapitia kabla hayajatoka. Wanaandika jambo la kweli, au lisilopimika, halafu wanakuachia wewe mwenyewe umalizie: “kwa hiyo magoti yangu yatapona.” Hayo ya mwisho hawakuyasema wao. Umeyasema wewe, kichwani mwako. Ndiyo maana ukimwambia baba “ni uongo” anakushinda, na anakushinda kihalali.

Badala ya kutafuta uongo, mpe kipimo kingine. Achukue kila sentensi ya tangazo ajiulize: kama kapsuli hizi zingejazwa unga mtupu, sentensi hii ingeweza bado kuandikwa bila muuzaji kusema uongo? Kama ingeweza, basi haijamwambia chochote kuhusu kilichomo ndani ya kapsuli. Inaweza kuwa kweli kabisa na bado isiwe ushahidi.

Tuanze na ile asilimia 87, maana nadhani ndiyo iliyomkamata.

Mwaka 2006 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la Marekani linalojulikana kwa kifupi kama GAIT. Wagonjwa 1,583 wenye magoti yanayouma kwa kulika kwa gegedu, yaani ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matano. Kundi moja lilipewa glukosamini, la pili kondroitini, kirutubisho kingine cha viungo, la tatu vyote viwili, la nne dawa ya maumivu iitwayo selekoksibu, na la tano lilipewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa yoyote ndani. Mgonjwa hakujua anameza nini, na aliyempima hakujua pia. Baada ya wiki 24 wakahesabiwa wale ambao maumivu yao yamepungua kwa angalau asilimia 20. Glukosamini ilipata asilimia 64. Kondroitini 65.4. Vyote viwili pamoja 66.6. Selekoksibu 70.1.

Na wale wa plasebo? Asilimia 60.1.

Mwache baba aitazame namba hiyo bila haraka. Watu sita katika kila kumi walipata nafuu ya kupimika kwa kumeza kidonge kisicho na kitu. Mtu angeweza kuchukua kidonge hichohicho, akakitia kwenye kopo zuri na kuandika juu yake: “Asilimia 60 ya watumiaji walipata nafuu ya maumivu, katika utafiti uliochapishwa kwenye jarida la kimataifa.” Asingekuwa amesema uongo hata wa herufi moja.

Inakuwaje? Maumivu ya magoti hupanda na kushuka yenyewe. Hakuna anayenunua dawa siku goti limetulia. Tunanunua siku tumeshindwa kupanda ngazi. Sasa, kutoka kwenye siku mbaya kuliko zote, mara nyingi kinachofuata ni siku iliyo afadhali, umemeza kitu au hukumeza. Wataalamu wa takwimu wanaita jambo hili kurudi kwenye wastani, na limeshajenga sifa za dawa nyingi zisizofanya kazi. Juu yake kuna matumaini, ambayo kwa maumivu yana nguvu halisi. Kuna kule kuhudumiwa na kuulizwa hali mara kwa mara. Na kuna mambo mengine ambayo mtu huanza kuyafanya wakati uleule: anapunguza chumvi na mafuta, anatembea kidogo, anameza parasetamoli pembeni. Washiriki wa GAIT wenyewe waliruhusiwa parasetamoli pale maumivu yalipozidi.

Kwa hiyo asilimia 87 peke yake haina maana mpaka tujue kundi la plasebo lilipata ngapi, na tangazo la baba halitaji kundi la plasebo. Inawezekana kabisa halikuwepo. Halafu uliza walioulizwa ni akina nani. Mara nyingi dodoso hutumwa kwa wanaoendelea kununua. Aliyeona hakuna kitu akaacha wiki ya pili hayumo kwenye hesabu. Na “waliripoti nafuu” ni nafuu kiasi gani? Kama swali lilikuwa “umehisi mabadiliko yoyote mazuri, hata kidogo?”, nashangaa hawakufika 95.

Kabla sijaiacha GAIT, kuna jambo lingine ndani yake ambalo baba anaweza kukutana nalo kwenye tangazo jingine. Kati ya wale wagonjwa 1,583, walikuwepo 354 ambao maumivu yao yalikuwa ya wastani hadi makali. Katika hao peke yao, waliotumia glukosamini na kondroitini pamoja walipata nafuu kwa asilimia 79.2, na wa plasebo 54.3. Hapo tofauti inaonekana kubwa, na wauzaji waliidaka kwa mikono miwili. Watafiti wenyewe waliandika kwamba ni dokezo tu linalohitaji kuchunguzwa. Walikuwa na sababu: ukiwakatakata washiriki kwa umri, jinsia, uzito na ukali wa maumivu, halafu ukapima kila kipande, kipande kimoja kitang’aa kwa bahati tu. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya wagonjwa 662 waliofuatiliwa kwa miaka 2, na hakuna kirutubisho kilichoishinda plasebo kwa kiasi cha kumfaa mgonjwa. Namba 79 bado ni ya kweli, lakini imetolewa ndani ya habari ndefu ambayo mwisho wake haupendezi, na habari yenyewe ikaachwa.

Sasa ile sentensi ya “viambato vinavyochangia utendaji wa kawaida wa gegedu”. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa jinsi fundi anavyopenda kuona kazi ya fundi mwenzake, hata kama kazi yenyewe ni ya kuvunja nyumba.

Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2006 inayotaka kila dai la kiafya kwenye chakula na virutubisho lipimwe kisayansi kwanza. Nchi wanachama zilikusanya madai kama 44,000. Yakaunganishwa yakabaki kama 4,600, na kazi ya kuyapima ikapewa Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya. Orodha ya kwanza ya yaliyokubaliwa ilipotoka Mei 2012 ilikuwa na madai 222. Mengi yalikataliwa, na mengine, hasa ya mimea, yaliwekwa pembeni bila kuamuliwa. Dai kwamba glukosamini inalinda gegedu la viungo lilikuwa miongoni mwa yaliyokataliwa. Lililokubaliwa ni la vitamini C: kwamba inachangia utengenezaji wa kawaida wa kolajeni, protini inayojenga gegedu, kwa ajili ya utendaji wa kawaida wa gegedu.

Mtengenezaji wa glukosamini afanye nini? Anatia vitamini C kidogo ndani ya kapsuli. Kipimo rejea cha mtu mzima kwa siku huko Ulaya ni miligramu 80, na asilimia 15 yake, yaani miligramu 12, inatosha kumpa ruhusa ya kuandika lile dai. Mbele ya kopo panaandikwa GLUKOSAMINI kwa herufi kubwa. Chini yake, au nyuma, panaandikwa habari za gegedu. Msomaji anaviunganisha mwenyewe. Geuza kopo la baba usome orodha ya viambato. Nitashangaa usipoikuta vitamini C. Mtu anayekula matunda na mboga anaipata tayari, na neno “kawaida” lina maana yake kamili: dai linamhusu mtu ambaye gegedu lake liko sawa. Kuhusu goti linalouma, sentensi hiyo haijafungua kinywa.

Marekani wana njia yao. Kwa sheria ya mwaka 1994, muuzaji wa virutubisho halazimiki kuonyesha serikalini ushahidi kwamba vinafanya kazi kabla ya kuviingiza sokoni. Anaweza kuandika kwamba “vinasaidia afya ya viungo”, mradi aongeze kwamba kauli hiyo haijatathminiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo sana. Kwenye makopo mengi niliyowahi kushika, ndiyo sentensi pekee ambayo ningekubali kuitia saini.

“Imethibitishwa kisayansi” ni sentensi ambayo haipaswi kujibiwa kwa ndiyo wala hapana. Ijibu kwa maswali: nini kilithibitishwa, kwa nani, kikipimwa kwa kulinganishwa na nini? Kuna kesi moja ya Marekani inayoonyesha jambo hili vizuri. Kampuni ya POM Wonderful iliuza juisi ya komamanga na vidonge vyake, na ilijigamba kwa mamilioni ya dola iliyotumia kwenye utafiti. Pesa ilitumika kweli. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba juisi hiyo hupunguza utando kwenye mishipa ya damu kwa asilimia 30. Namba hiyo ilitoka kwenye utafiti wa watu 19 wenye mishipa ya shingo iliyoziba vibaya. 10 walikunywa juisi, 9 hawakunywa. Baadaye ukafanyika utafiti mkubwa zaidi, wa watu 289 kwa miezi 18, na mwisho wake waliokunywa juisi hawakutofautiana na waliokunywa kinywaji cha plasebo. Utafiti mkubwa ulikuwepo, lakini asilimia 30 iliendelea kutangazwa. Tume ya Biashara ya Marekani iliamua dhidi ya kampuni mwaka 2013, na Januari 2015 mahakama ya rufaa ikauunga mkono uamuzi huo, ila sharti la tume la majaribio mawili ikalipunguza: ili kutangaza kuzuia au kutibu ugonjwa, kampuni iwe na angalau jaribio moja la bahati nasibu lenye kundi la kulinganisha.

Huo ni mfano wa kampuni iliyokuwa na tafiti halisi, zilizofanywa na wanasayansi halisi. Kwenye matangazo mengine “utafiti” ni panya, au chembe hai kwenye kisahani cha maabara, au ni utafiti wa kiambato kimoja kwa dozi ambayo kapsuli haikaribii hata robo yake. Lebo ikisema “mchanganyiko maalumu” na kutaja jumla ya uzito bila kugawa kila kiambato kimewekwa kiasi gani, huna njia ya kujua kama kilichotafitiwa ndicho unachomeza.

Kuna hoja nyingine ambayo haimo kwenye tangazo la baba lakini ipo nyuma yake, na ni ya hatari zaidi kwa sababu ina sura ya sayansi: “kiambato hiki kinafanya kazi hivi mwilini, kwa hiyo kitakusaidia.” Kwa miaka mingi ilionekana kwamba watu wenye betakarotini nyingi kwenye damu, ile rangi iliyomo kwenye karoti na mboga za majani, hupata saratani ya mapafu mara chache. Maelezo ya kibaiolojia yalikuwepo na yalivutia. Basi Finland wakawapa wanaume wavutaji sigara miligramu 20 za betakarotini kila siku, wakilinganishwa na wasiopewa; washiriki kwa jumla walikuwa 29,133. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa betakarotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani kulikuwa na jaribio linalofanana na hilo, la betakarotini pamoja na vitamini A kwa wavutaji sigara na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Lilisimamishwa kabla ya wakati wake, Januari 1996, saratani ikiwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Watu waliokula mboga nyingi walikuwa na afya njema kwa sababu nyingi kwa pamoja, na kile kidonge hakikuwa mojawapo.

Nisionekane kama nakataa kila kidonge. Asidi ya foliki ilipimwa kwa njia hiyohiyo ya kulinganisha, na jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1991 lilionyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro ya mgongo wazi, iliyazuia karibu robo tatu ya matukio mengine ya aina hiyo. Unga usingefanya hivyo. Madini ya chuma humfaa aliyepungukiwa na chuma. Na kwa kuwa baba anatumia metformini: ikitumika kwa miaka, dawa hiyo kwa baadhi ya watu hushusha vitamini B12. Hiyo inapimwa kwa damu, na ikionekana imeshuka, kirutubisho kina sababu ya kutumika. Hapo ndipo matangazo hupindisha hoja. Ni kweli upungufu wa biotini, aina ya vitamini B, hufanya nywele zidondoke, ila haifuati kwamba kila ambaye nywele zake zinadondoka amepungukiwa na biotini, wala kwamba ukiongeza juu ya inayotosha zitaota mara mbili.

“Huondoa sumu” nitaipita haraka. Sumu gani? Ina jina? Inapimwaje kabla na baada? Ini na figo vinafanya kazi hiyo kila saa, na vikishindwa, mahali pa kwenda ni hospitali.

“Kusawazisha sukari” sitaipita haraka, kwa sababu ndiyo inayoniogopesha. Kama kapsuli hazishushi sukari, baba atapunguza dawa inayofanya kazi na kubaki na unga. Kama zinaishusha kweli, tuulize kuna nini ndani. Mwaka 2008, kwa muda usiofika miezi mitano, hospitali za Singapore zilipokea wagonjwa 150 wasio na kisukari ambao sukari yao ilikuwa imeshuka vibaya. Saba walikuwa wamezimia kabisa, na wanne walikufa. Chanzo kilikuwa dawa haramu za nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama za mitishamba, zilizochanganywa na glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Kwa hiyo bidhaa “ya asili” inapofanya kazi haraka kupita kiasi, mimi sifurahi. Nataka ipimwe.

Hapo tunaingia kwenye “asili” na “haina madhara yoyote”. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza unene walipewa mchanganyiko wenye mitishamba, na ndani yake ukaingia mmea wa jamii ya Aristolochia. Figo za makumi ya wanawake hao zilikufa, na baadhi baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Mmea ule ni wa asili asilimia 100. Tena jamii hiyo ya mimea imetumika kama dawa kwa karne nyingi, sehemu nyingi za dunia, na hilo linajibu pia sentensi ya karne. Matumizi ya muda mrefu yanaweza kukuonyesha kinachoua palepale. Kinachoharibu figo polepole, kwa miaka, hakuna mtumiaji anayeweza kukihusisha na alichokunywa zamani. Na glukosamini ya kwenye kapsuli, kwa taarifa ya baba, haina karne hata moja sokoni.

Kitu chenye nguvu ya kubadilisha kazi ya mwili kinaweza kuibadilisha kupita kiasi, au kugongana na dawa nyingine. Mmea wa St John’s wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hupunguza nguvu za vidonge vya kuzuia mimba na za baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Glukosamini yenyewe imeripotiwa kuzidisha kazi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Muuzaji anaposema bidhaa yake haina madhara yoyote, kwa yeyote, kwa dozi yoyote, anakaribia kabisa kutueleza kwamba ndani kuna unga.

“Siri ambayo hospitali hazitaki uijue.” Jaribio la GAIT lililipiwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani na kuchapishwa hadharani. Siri gani hiyo? Ubaya wa sentensi hii ni kwamba inageuza kukosekana kwa ushahidi kuwa ushahidi: daktari akikana, basi ndiyo njama yenyewe. Madaktari na wafamasia nao wana magoti, na wana wazazi wenye magoti.

Lakini nawe uwe mwangalifu na hoja zako. Usimwambie baba “hao wanatafuta hela tu”. Wanaotengeneza metformini nao wanatafuta hela, na metformini inafanya kazi. Usimwambie “kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza”. Vizuri vingi navyo hutangazwa. Usiseme “hiyo ni kemikali”, maana maji nayo ni kemikali. Akikushika na hoja dhaifu mara moja, hata zile nzuri hatazisikia.

Na usimkabili mbele ya watu. Ametoa pesa yake, na mzee akibanwa kwenye kona atatetea kopo hadi tone la mwisho. Kaa naye, mweleze habari za wale watu wa plasebo, kisha umwombe jambo moja: “Baba, kitu gani kikitokea utasema havifanyi kazi?” Aseme sasa, kabla kopo halijaisha. Kwa mfano: kama baada ya wiki 8 maumivu ya jioni, akiyapa alama kutoka 0 hadi 10 kila siku kwenye daftari, hayajashuka kwa alama 2. Bado kipimo hicho si kamili, kwa sababu anajua anachomeza, lakini kinashinda kumbukumbu, ambayo hukumbuka siku nzuri na kumsifu aliyeuza. Wakati huohuo aanze mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kama ana uzito uliozidi aupunguze. Hayo ndiyo yenye ushahidi mzuri kwa goti la namna hiyo, ingawa hakuna anayeyatangaza.

Kopo lenyewe lichukue ulipeleke kwa mfamasia, pamoja na dawa zote anazotumia, hata zile anazoazimana na rafiki zake. Aangalie kama bidhaa imesajiliwa, kama kila kiambato kimeandikiwa kiasi chake, na kama kuna kinachogongana na dawa za baba au kuzielemea figo zake.

Na mkae macho na jambo hili. Metformini ikitumika peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi. Kwa hiyo siku baba akitetemeka, akitokwa jasho la ghafla, akishikwa na njaa ya haraka au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, na hatumii dawa nyingine ya sukari, shukuni zile kapsuli kwanza. Kama bado anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari au kinywaji kitamu palepale. Kama amezimia, msimtie kitu mdomoni. Kisha mkimbizeni hospitali, na kopo mwende nalo.